Msaragambo Kwenye Tuta la Reli

Jumamosi ya kwanza niliyokwenda kufanya kazi kwenye njia ile ya miguu na baiskeli, huku Somerset, Uingereza, nilipewa reki na glavu za mtu mwingine. Ilikuwa Februari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo ulinata kwenye mabuti hata kila hatua ikawa unainua kilo nzima ya tope. Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wao wastaafu: mwalimu, fundi bomba, daktari wa mifugo, mama aliyekuwa akiendesha basi la shule. Mmoja ana miaka themanini na miwili na magoti hayamsaidii tena, kwa hiyo kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha kukunja na kunoa mapanga ya wenzake. Mbele yetu tuta la reli ya zamani lilikuwa limezama ndani ya miiba, huwezi kujua kama treni iliwahi kupita hapo. Nyuma yetu palikuwa na njia: kitambaa kizito kimetandikwa kuzuia tope lisipande, juu yake kokoto, na juu ya kokoto mabaki ya lami iliyokwanguliwa kwenye barabara za magari, yameshindiliwa mpaka yakashikana. Baiskeli inapita, kiti cha magurudumu kinapita, mtoto anayejifunza kutembea anapita.

Jioni nikampigia mama simu kwetu Makanya, Tanzania.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imechoka hivyo?"

Nikamweleza: reli iliyong'olewa, wazee wenye matoroli, kokoto. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hao nao wana msaragambo?"

Tangu siku hiyo sijapata neno linalofaa zaidi, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Kwa msomaji ambaye hakukulia Upareni: msaragambo ni kazi ya wote. Mfereji umeziba, au ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, imejaa mchanga. Baragumu linapigwa jioni, na asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe. Hakuna anayelipwa. Asiyefika anatozwa faini, lakini faini si kitu. Kinachouma ni kukaa nyumbani ukisikia majembe ya wenzako yanalia mlimani na zamu yako ya maji inakaribia.

Makanya iko kwenye reli. Ni ile ya Tanga ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, inayopita chini ya milima ya Usambara na Upare kama uzi kwenye pindo la kanga. Treni ya abiria ilikoma miaka ya 1990 nikiwa mdogo, kwa hiyo mimi reli naijua zaidi kwa miguu. Tulipita juu ya mataruma kwenda shule, kwenda gulioni, kwenda msibani. Mtu akiuliza njia anaambiwa, "Fuata reli." Reli haina mlima wa kukuvunja kiuno na haikuzungushi. Waliojenga walilazimika kutafuta mteremko ambao injini nzito ingeuweza, na mteremko unaowezwa na injini nzito unawezwa pia na bibi mwenye mzigo kichwani. Jambo hilo nililijua kwa miguu miaka mingi kabla sijaliona kwenye ramani.

Nilipofika Uingereza nilianzia Bath, kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bath ni mji wa mabonde na vilima vikali. Sikuwa na gari. Nilinunua baiskeli ya mtumba, na mtu akanionyesha njia inayokwenda hadi Bristol kwa kufuata Mto Avon. Jina hilo lilinishtua, maana baiskeli ya baba yangu ilikuwa Avon, nyeusi, keria pana ya kubebea gunia, na kwangu mimi neno hilo lilikuwa na harufu ya grisi na vumbi la Makanya. Sasa hapa palikuwa na mto wenye jina hilo, na reli ya zamani inayouvuka mara kadhaa, na juu ya tuta la reli hiyo watu wanapita na baiskeli.

Njia ya Bristol na Bath ina kilomita kama 21. Treni za abiria ziliondolewa mwaka 1966, baadaye vyuma vikang'olewa. Mwaka 1977 kundi la watu wa Bristol waliopenda baiskeli lilijiunga, likajiita Cyclebag, na mwaka 1979 wakaanza kujenga kutoka upande wa Bath. Hawakungoja serikali iamke. Walipata ruhusa, wakaja na makoleo, wakajenga kipande kwa kipande hadi 1986 njia ilipofika mwisho. Kundi hilo ndilo lililozaa Sustrans, shirika ambalo baadaye lilisimamia mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima. Nilikuwa napita pale saa kumi na moja alfajiri kwenda kumwosha na kumvalisha bibi mmoja kabla binti yake hajaenda kazini, na mara nyingi niliwaza: hii lami ninayoikanyaga ilianza na watu wachache waliokubali kuchafuka.

Ila njia niliyoipenda kuliko zote ni ile ya mahandaki mawili, inayotoka Bath kuelekea kusini. Hiyo ilikuwa reli ya Somerset na Dorset, iliyofika Bath mwaka 1874 na kufungwa Machi 1966. Kutoka mjini ilibidi treni ipande mita moja kwa kila mita 50, mlima mkubwa kwa injini ya mvuke, na ipite ndani ya kilima kwa mahandaki mawili. La kwanza, Devonshire, lina mita 400 na kidogo. La pili, Combe Down, lina mita 1,672. Ni jembamba, la reli moja tu, na halikuwekewa bomba la kutolea moshi. Tarehe 20 Novemba 1929 treni ya mizigo ilipanda ndani yake polepole mno, moshi ukajaa, dereva na msaidizi wake wakazimia. Injini ikaendelea yenyewe, ikatoka upande wa pili, ikaanza kushuka kuelekea Bath bila mtu wa kuishika, mpaka ikaanguka kwenye yadi ya mizigo. Dereva alifariki, na wafanyakazi wengine wawili waliokuwa pale yadini. Kila nikiingia kwenye handaki lile huwa namkumbuka huyo dereva. Ndani ni baridi wakati wote, taa ni hafifu, na katikati kuna muziki wa vinanda vya nyuzi unaotoka ukutani. Usiku sana taa huzimwa, na popo wanabaki na giza lao. Nimewahi kusimama pale katikati nikasikiliza maji yakidondoka na kumwombea mtu aliyekufa miaka mingi kabla babu yangu hajaoa.

Mahandaki hayo yalikaa yamefungwa karibu miaka hamsini. Mdomo mmoja wa Devonshire ulikuwa umefukiwa kwa udongo kabisa. Mwaka 2006 wakazi wa Bath waliunda kikundi cha kudai yafunguliwe. Walikusanya saini, waliandika barua, waliwatembeza watu juu ya tuta na kuwaonyesha. Mwishoni mwa 2007 kulikuwa na kura ya wananchi wote kwenye televisheni kugawa pauni milioni 50 za bahati nasibu ya taifa kwa mradi mmoja kati ya minne. Mradi wa Sustrans ulishinda, fedha zikagawanywa sehemu 79 nchini, na mahandaki ya Bath yalikuwa mojawapo. Hata hivyo hazikutosha, na kikundi kikaendelea kuchangisha. Njia ilifunguliwa tarehe 6 Aprili 2013. Kutoka ukusanyaji wa saini hadi baiskeli ya kwanza ilikuwa miaka saba. Nataka msomaji aishike hesabu hiyo, maana kwenye mikutano ya vijiji huku huwa nasikia watu wakikata tamaa mwaka wa pili.

Miaka mitatu iliyopita tulihamia karibu na Wells, kwa sababu ya kazi na kodi ya nyumba. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimebarikiwa kiasi gani. Barabara ya kijiji chetu ni nyembamba, ina kuta za mawe na vichaka pande zote, haina pa kutembea kwa miguu, na magari yanakwenda kasi kama barabara kuu. Asubuhi moja ya Desemba, kabla ya mapambazuko, kioo cha pembeni cha lori kilinigonga bega. Sikuvunjika. Lori halikusimama. Nilikaa kwenye nyasi nikitetemeka, nikampigia simu mzee niliyekuwa naenda kumhudumia nikamwambia nitachelewa chai yake. Tangu siku hiyo mume wangu hataki kusikia habari ya baiskeli barabarani, na mwanangu wa miaka kumi na moja, ambaye shule yake iko kilomita tatu tu, anapelekwa na gari kila siku. Kilomita tatu! Kwetu hiyo ni safari ya kwenda kuteka maji na kurudi kabla ya uji.

Na reli ya zamani ipo palepale, nyuma ya nyumba, imelala chini ya miiba.

Wenyeji wanaiita Strawberry Line, kwa sababu treni zake zilibeba stroberi za bonde la Cheddar kwenda kwenye masoko ya miji. Ilijengwa mwaka 1869 na 1870 kutoka Yatton hadi Wells, na kutoka hapo reli nyingine, iliyokuwepo tayari, iliendelea mashariki kupitia Shepton Mallet. Mwaka 1963 ndio ule ambao ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika la reli la Uingereza, ilipendekeza kufuta stesheni 2,363 nchi nzima, na Septemba ya mwaka huohuo abiria wa Cheddar walipanda treni yao ya mwisho. Sehemu ya kutoka Yatton hadi Cheddar, kama kilomita 16, wenyeji waliiokoa mapema na kuifanya njia ya miguu na baiskeli. Kutoka Cheddar kwenda mashariki ndiko kwenye kazi yetu.

Shida ni moja. Reli ilipokufa, ardhi yake iliuzwa vipande vipande. Mkulima alinunua kipande kilichokata shamba lake, mwingine akanunua kujaza kifusi, mwingine akajenga nyumba. Axbridge tuta liligeuzwa barabara ya magari ya kuuzunguka mji, na jengo la stesheni bado limesimama kando yake. Kilichojengwa na kampuni moja kwa mkono mmoja sasa kina wenyewe wengi, na kila mmoja lazima aombwe peke yake. Ndiyo maana njia yetu haikui kama mstari. Inakua kama viraka: mita mia nane hapa, kilomita moja kule, katikati pengo. Anayetazama ramani anaweza kucheka. Lakini kila kiraka kinafanya kiraka kinachofuata kidaiwe, maana watu wakishakionja wanaanza kuuliza kwa nini kimeishia kwenye uzio.

Watu wakisema "jamii inaunga mkono", wengi wanafikiria saini. Saini ni nzuri, mimi mwenyewe nimezunguka na karatasi nyumba kwa nyumba, na kwa miezi miwili nilijuana na majirani kuliko kwa mwaka mzima. Lakini nilichojifunza kwenye tuta ni kwamba uungaji mkono una uzito tofauti. Kuna anayesaini. Kuna anayeleta keki ya saa nne. Kuna mwenye machimbo anayetoa mawe, na mwenye trekta anayekuja kuyamwaga. Kuna anayekuja Jumamosi moja na harudi. Kuna yule wa kiti cha kukunja, ambaye hajakosa Jumamosi hata moja msimu huu. Na kuna mwenye shamba anayesema, "Piteni." Huyo wa mwisho, neno lake moja lina uzito kuliko karatasi zetu zote, na mara nyingi ndiye anayeshukuriwa kidogo kuliko wote.

Tunafanya kazi ya kukata miiba wakati wa baridi tu, kwa kuwa kuanzia Machi ndege wanajenga viota na hairuhusiwi kuwasumbua. Kwa hiyo kila msimu una miezi michache, na kila mwezi una Jumamosi nne, na Jumamosi moja kati ya hizo mvua inakataa. Unajifunza kuthamini mita. Siku tuliyomaliza mita thelathini na tano tulipiga makofi.

Wapo wasiotaka, na sipendi wanavyosemwa vibaya. Kwenye mkutano wa ukumbi wa kijiji mwaka jana alisimama mfugaji wa kondoo, mtu wa makamo, kofia mkononi. Alisema majike yake yanazaa mwezi Machi, na mbwa wasiofungwa wameshamuulia wana-kondoo mara mbili. Alisema geti likiachwa wazi usiku mmoja, yeye ndiye anayewasaka kondoo barabarani, si sisi. Baadhi ya watu nyuma walinong'ona kwa kejeli. Mimi niliona aibu kwa ajili yao. Nimekulia mahali ambapo mbuzi mmoja ni ada ya shule. Najua mtu anaposema "mifugo yangu" anasema nini. Aliposimama mama mmoja mwenye fimbo nyeupe akasema anaogopa baiskeli zinazopita kasi kimya kimya, hapo pia nilikubali. Waendesha baiskeli wenzangu wengi hawagongi kengele wala hawapunguzi mwendo, na njia ya wote ikigeuka uwanja wa mashindano, tutakuwa tumewanyang'anya wanyonge mahali pengine pa kupita.

Wengine wanasema tungoje treni irudi. Hoja hiyo naisikiliza kwa makini kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kwetu ilirudi. Desemba 2019 treni ya abiria ilifika Moshi tena kutoka Dar es Salaam, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mama alikwenda kusimama kando ya reli ipite tu aione. Lakini iliweza kurudi kwa sababu ukanda wa reli ulikuwa bado upo, na hata hivyo waliojenga ndani ya hifadhi walivunjiwa. Marekani waliliona hili mapema: tangu 1983 sheria yao inaruhusu reli iliyoachwa itumike kama njia ya watu huku ukanda wake ukitunzwa mzima, ili siku treni ikihitajika usiwe umeshagawanywa. Kwa hiyo jibu langu kwa wapenda treni ni hili: miiba haitunzi reli. Nyumba ikijengwa katikati, imekwisha. Njia yenye watu kila siku ndiyo inayoilinda.

Na watu hao hulinda kwa kweli. Mwaka 2008 kulikuwa na mpango wa kupitisha mabasi ya mwendo wa haraka juu ya ile njia ya Bristol na Bath. Maelfu walisaini kupinga, mpango ukawekwa kando. Sina ugomvi na mabasi, napanda kila nikipata. Lakini nafikiria wale waliobeba makoleo mwaka 1979. Wasingejua kwamba walikuwa wanajenga pia jeshi la kuitetea kazi yao miaka karibu thelathini baadaye.

Mwezi uliopita tulifika kwenye uzio wa yule mfugaji. Tumefika kweli: kokoto yetu inaishia nusu hatua kutoka kwenye waya. Upande wa pili tuta linaendelea wazi, limenyooka, nyasi zimeliwa na kondoo, na mbele kama mita mia sita unaliona paa la shule ya mwanangu. Tulikusanya vifaa, tukaosha matoroli, hakuna aliyesema kitu. Mwanangu alikuwa amekuja nami siku hiyo. Aliweka mikono kwenye waya akatazama.

Usiku nikampigia mama.

"Mmefika wapi?"

"Tumefika kwenye uzio, mama. Mwenyewe hataki."

"Amekataa, au hamjamuuliza vizuri?"

Nikasema tumemuuliza mara tatu, kwa barua na kwenye mkutano.

"Barua," akasema. Nikamsikia anavuta kigoda. Akanikumbusha mfereji wa juu, ule uliotaka kupita kwenye shamba la mzee mmoja wa ukoo mwingine. Wazee hawakumwandikia. Walikwenda kwake jioni, wakakaa, wakaulizia ng'ombe aliyekuwa anaumwa, wakanywa alichowapa. Wakati wa kuondoka ndipo mkubwa wao alipomwomba jambo moja tu: achukue fimbo, atembee mbele, awaonyeshe mwenyewe angependa maji yapite wapi. Mzee alizunguka na fimbo yake mpaka giza likaingia. Mfereji ukaja kukunja kona kubwa kuuacha mwembe wake, kona ambayo mimi utotoni niliichezea bila kujua kwa nini ipo.

Nilimpelekea mratibu wetu habari hiyo, na kwa siku mbili akawa kimya. Kisha akanipigia. Jumapili, baada ya mfugaji kumaliza kulisha, tunakwenda watu watatu: yeye, daktari wa mifugo na mimi. Hatutabeba karatasi za saini. Tutabeba ramani moja isiyochorwa kitu upande wa shamba lake, na kalamu ya risasi. Daktari amesema atamwangalia pia jike mmoja anayechechemea tangu wiki iliyopita. Mimi nitapika maandazi, na mwanangu anataka kuja; nimemwambia anaweza, mradi asifungue geti lolote bila kulifunga.